Kiboko na Mlango wa Wachezaji

Jamani, ulimi unaniwasha.
— Ukune tusikie.
Nikiukuna, mtalala?
— Hatulali ng'o.

Basi, msitu mmoja ulipewa mashindano ya mpira ya wanyama wote wa dunia. Wenyeji wakabaki midomo wazi. Uwanja hawana, barabara hawana, mashindano wanayo.

Kiboko, kwa ukubwa wa tumbo lake, akafanywa Mwenyekiti wa Maandalizi. Kazi zake zilikuwa mbili: aoteshe nyasi za uwanja, ajenge mlango wa kupitia wachezaji. Nyasi zikaota, laini, kijani kibichi. Kiboko akasema, "Ngoja nizikague." Akakagua kona, nyafu nyafu nyafu. Akakagua katikati, nyafu nyafu nyafu. Akakagua mpaka golini. Wanyama walipokuja kutazama, wakakuta vumbi tupu. Walishtuka. Hata mimi nilishtuka, na sikuwepo.

Mara ikaja habari: kesho anakuja Mkaguzi, Mama Korongo, miguu mirefu, hacheki na mtu. Kiboko akahaha kutafuta cha kumwonyesha. Macho yakatua kwenye kichuguu anachoishi Nguchiro na wanawe.

"We Nguchiro, hama. Barabara inapita hapa."

"Ya kwenda wapi, Mheshimiwa?"

"Ikishapita tutajua."

"Na wanangu walale wapi?"

"Walale baada ya mashindano."

Nguchiro akageuka kuwatazama wanawe. Nyumba inakwenda hiyo. Akawaza jinsi wakubwa wanavyopokewa kwao: mgeni akitangazwa tu, kila kisichosogea hupakwa chokaa, na kilichopakwa chokaa huhesabiwa kimekamilika.

"Mheshimiwa," akasema, "barabara haiishi leo. Kitakachokuumbua ni mlango wa wachezaji. Huna."

"Sina," Kiboko akakubali, jasho linamtiririka.

"Lakini mdomo unao. Uache wazi, usisogee, nikupake chokaa."

Kiboko akasimama pembeni mwa uwanja, mdomo aaaa. Nguchiro akashika brashi, pwaa pwaa pwaa, pua, midomo, mpaka masikio. Chokaa iliyobaki akapaka kichuguu chake.

Mama Korongo akafika, ti, ti, ti.

"Hiki nini?" akamuuliza Nguchiro, mbele ya kichuguu.

"Jukwaa la wageni wa heshima, Mama."

"Lina chokaa. Limekamilika, lisiguswe. Na lile?"

"Mlango wa wachezaji."

Akaingia. Akatoka na majani mdomoni, macho yamemtoka.

"Nimekagua viwanja vingi. Sijaona ambacho nyasi zake zimewekwa ndani ya mlango."

"Tunazikinga na jua, Mama."

Kiboko akataka kujitetea. "Aaa, aa, aaa."

Mama Korongo akaruka nyuma. "Mlango unaongea?"

"Hiyo ni spika. Tumeifunga jana."

"Wenzenu hawajafika huku," akasema Mama Korongo. "Mlango huu usisogezwe mpaka mashindano yaishe."

Haukusogezwa. Timu zikaingia, tifu tifu tifu. Zikatoka, tifu tifu tifu. Zote na njumu miguuni. Nguchiro na wanawe wakatazama kila mechi wakiwa juu ya kichuguu chao. Fainali walicheza Tembo.

Ngano imechoka, iacheni ikae chini. Funzo lake mlishike sana: kiongozi bora hujitolea mwili wake wote kwa ajili ya taifa. Muigeni Kiboko.