Kufuli kwa Nje

Wapendwa, kabla kwaya haijasimama, kuna familia moja nataka muijue. Si ya mtaa huu, kwa hiyo msigeuke kutazamana. Ni kijana na mke wake, na watoto wawili: binti wa miaka mitano na mdogo wake wa miezi minane. Kwao ni kaskazini, huko milimani, na mnajua wenyewe watu wa huko mwezi wa kumi na mbili ukifika. Mabasi yanajaa, mji unabaki kwa wenye maduka na paka. Asiyekwenda anaulizwa amegombana na nani.

Mwaka huo wale wawili wakaamua hawaendi, na mimi siwalaumu. Mwaka uliotangulia walikaa njiani kutwa nzima mtoto akitapika, wakafika wakalala watu tisa chumba kimoja, wakarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Mke akasema kwa upole kwamba anatamani Krismasi moja tu akae kwake, apike kwenye jiko lake, mumewe acheze na watoto. Hiyo ni dhambi? Hata Mariamu, nadhani, kama angeulizwa, angechagua kujifungulia nyumbani.

Shida ilikuwa kumwambia mama. Ninyi mmewahi kumwambia mama mzazi, "Mwaka huu hatuji"? Kijana alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe akamwambia mama yake kwamba kazini wamempanga zamu sikukuu nzima. Majirani na ndugu wa pale mjini nao akawaambia kwamba wanakwenda kwao kama kawaida, maana wakijua yupo watakuja na watoto sita na magodoro. Kwa hiyo kila upande ulijua yuko kwa wenzao. Akafurahi sana. Akamwambia mkewe, "Sasa hakuna atakayetutafuta."

Siku moja kabla ya sikukuu waliaga jirani mmoja mmoja, wakapanda bajaji na mabegi, wakazunguka mitaa miwili, wakarudi saa ile ambayo watu wote wako sokoni. Mageti yetu mnayajua, yana tundu la kupitisha mkono. Kijana aliingia ndani, akatoa mkono kwenye lile tundu, akafunga kufuli kwa nje, akaurudisha mkono ndani pamoja na ufunguo. Mtu akipita barabarani anaona kufuli, anajua hakuna mtu.

Krismasi asubuhi kanisani hawakwenda, maana mchungaji naye ana macho. Redio hawakuwasha. Mke alitaka kukaanga vitunguu, akakumbuka harufu inavyotembea, akachemsha nyama hivyo hivyo. Mapazia yalifungwa. Walitembea pekupeku. Mtoto mdogo akitaka kulia anapewa ziwa kabla sauti haijatoka. Huko nje watoto wa mtaani walikuwa wanacheza, wakalitaja jina la yule binti, kwamba Aika angekuwepo wangetosha timu mbili. Akainuka kwenda dirishani. Baba yake akaweka kidole mdomoni.

Akamwuliza mama yake kwa kunong'ona, "Mama, kwani sisi hatupo?"

"Hatupo, mwanangu. Tumesafiri. Mtu akiita, usijibu."

Yule binti akakaa chini. Akawa anaitazama mikono yake, upande huu na upande huu.

Mchana walimsikia jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja Mwislamu ambaye hakosi kuwapelekea sahani ya pilau kila sikukuu, yao na yake. Alikuwa anawaambia wanawe wasijisumbue kubeba sahani ya nyumba ile, hakuna mtu mle. Halafu akaanza kumsifu mke wa yule kijana, kwamba alikuwa mtu mwema, alikuwa hana makuu. Alikuwa! Ni namna tu ya kusema ya yule mama, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini mke aliyasikia hayo akiwa amesimama kwenye jiko lake mwenyewe, mwiko mkononi. Mmewahi kukaa kwenye nyumba ya msiba baada ya watu kutawanyika? Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa, na wote wanne walikuwa wazima.

Akamfuata mumewe chumbani. "Baba Aika, naogopa. Tufungue."

Mume akamwambia wavumilie kidogo, keshokutwa watajifanya wamerudi.

Ikafika saa saba. Geti likagongwa. Halikugongwa kwa mkono wa jirani, lilikuwa pigo la taratibu, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena. Wao walikuwa chumba cha nyuma na mtoto mchanga. Wakaganda. Sauti ya mwanamke ilisikika kwa mbali, maneno hayakufika. Baadaye yule jirani akasikika akizungumza naye, wakazungumza kitambo. Halafu nyayo zikaondoka. Kijana akatabasamu, akamwambia mkewe kwamba mgeni huyo ameshakata tamaa.

Ndipo Aika akaingia kutoka uani. Hawakuwa wamejua kama yuko uani. Alikuja kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa, akamnong'oneza baba yake sikioni.

"Baba, bibi amekuja. Amechungulia kwenye tundu akaniona. Ameniita, nikamtazama tu, sikujibu. Si nimefanya vizuri?"

Kijana alitoka mbio. Akapitisha mkono kwenye tundu kutafuta kufuli, ufunguo ukamponyoka ukaanguka nje. Akabaki anapapasa hewani. Jirani yao alikuwa bado yuko mlangoni kwake. Akaona mkono wa mtu unatoka kwenye nyumba isiyo na watu, unafumba na kufumbua. Yule mama alianza kuomba dua. Mpaka kijana alipopata sauti ya kumwita kwa jina, ndipo akasogea, akaokota ufunguo, akafungua. Akawatazama wote wanne mmoja mmoja, kama mtu anayehakikisha.

Kisha akamweleza kijana. Alisema mama yake alikuwa hapo. Alifika mjini jana jioni, akalala kwa mtu wa kwao, amebeba paja la mbuzi amelifunga kwenye majani ya mgomba. Amesema mwanawe yuko zamu, basi mkwe na wajukuu wasile sikukuu peke yao.

"Alisema amemwona mjukuu wake uani, amesimama, hasemi," jirani akaendelea. "Akawa anatetemeka. Mimi nikamwambia, mama, hayo ni macho ya uchovu tu, hawa wamekwenda kwako tangu jana. Wallahi alilia kwa furaha. Akasema basi arudi leo leo, wasije wakakuta nyumba imefungwa."

Simu ya mama haikupatikana. Stendi walikwenda, basi lilikuwa limeondoka.

Ikaingia siku ya pili, mchana, simu ikapatikana. Mama alikuwa jikoni, anawapikia lile paja. Kijana alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha. Kabla hajatamka hata moja, mama akamwuliza, "Mwanangu, mmefika wapi?"

Mngemjibu nini, ninyi mlioko hapa? Maana ili aseme kweli, ilimbidi amwambie kwamba macho yake hayakuwa na kosa. Yule mtoto alikuwepo. Alimtambua bibi yake, na alinyamaza kwa sababu sisi tulimfundisha kunyamaza.

Nimesema sisi, mmesikia. Wapendwa, sikuja kuwafukuzia stendi. Vijana wenye watoto wadogo, kama mwaka huu mnakaa, kaeni, na mfungue mapazia, na vitunguu vikaangwe. Mama akiambiwa ukweli atanuna siku mbili, ya tatu atauliza mtoto amekula nini. Tunajua hivyo, na bado tunaogopa. Kwa woga wa kununiwa siku mbili, tunakubali kufutika. Huku tumeaga, kule hatutarajiwi. Mungu atatubariki tukiwa wapi? Na tunalea watoto watiifu sana, wanaojua kumtazama mtu wa damu yao machoni na kukaa kimya, halafu wanakuja kutuuliza kama wamefanya vizuri.

Kila Jumapili nawaomba mzime simu. Leo sizungumzii kuzima. Kama kuna mtu anadhani uko mahali ambapo hupo, au umemwambia kazi imekubana na haikukubana, inuka sasa, toka hapo nje, mpigie. Hakuna atakayekuhesabu. Waliobaki tutaimba taratibu mpaka urudi.

Mwalimu wa kwaya, anzisha. Wimbo wowote, lakini uwe mrefu, maana mimi nami natoka.