Mlango, Pazia na Kabati Lililokataliwa

Aliye mbali asogee, na mwenye neno la kumnong'oneza jirani alimalize sasa. Nikifika mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha Kagera, kilimani, migomba mbele ya nyumba na misonobari nyuma. Wote watatu walifundishwa kusoma na mwalimu mmoja, katika darasa moja la pili.

Wa kwanza ni Mulokozi, seremala. Alikaa miaka mitatu Japani kwa fundi mzee ambaye hakumruhusu kushika msumari. Alirudi na kipaji cha kuunganisha ubao na ubao, ulimi kwa tundu, vikashikana bila gundi. Alipenda chumba kitupu na vitu vya chini. Akiingia nyumbani kwa mtu, macho yake hutafuta kitu cha kutoa.

Wa pili ni Kyaruzi, mfumaji. Alikaa miaka miwili Uswidi, ambako wakati wa baridi jua huchungulia tu na kuondoka. Alirudi na kipaji cha kuingiza nuru na joto ndani ya nyumba: kuta nyeupe, dirisha pana, mbao zisizopakwa rangi, na vitambaa vizito vya sufu alivyofuma kwa mikono yake. Akiingia nyumbani kwa mtu, macho yake hutafuta palipo na giza.

Wa tatu ni Ndyanabo. Huyu hakwenda popote. Alikuwa fundi wa kupiga lipu, na kusema kweli lipu yake ilikuwa ya wastani. Kipaji chake kilikuwa kuuliza swali moja na kungoja jibu, hata kama jibu litachukua asubuhi nzima.

Mwalimu wao aliitwa Kokubelwa. Hadithi hii ni yake, maana yeye ndiye aliyeogopa.

Miaka sita kabla ya haya ninayowasimulia, ardhi ilitetemeka. Mwalimu Kokubelwa alikuwa shambani anachuma kahawa, na mama yake mzazi alikuwa amejilaza chumbani. Nyumba haikuanguka yote. Kilichoanguka ni kabati la mninga, refu, la vioo, lililojaa vikombe vya wageni. Tena fremu ya mlango ilipinda ikaubana mlango. Mwalimu alisukuma, akapiga kwa bega, akaita. Ndani mama yake aliitika mara mbili. Mara ya tatu hakuitika.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakulala ndani ya nyumba ya tofali. Alilala jikoni, kwenye kibanda cha nyasi kule uani, na kando ya mkeka wake aliweka kikombe cha maji ili aone kama yanatikisika. Lori la kahawa likipita barabarani, alikuwa ameshatoka nje miguu mitupu kabla halijamaliza kona. Shuleni meza yake aliiweka mlangoni. Watoto walidhani anapenda upepo.

Akaishi hivyo mpaka binti yake Asimwe aliporudi nyumbani na mimba ya miezi saba.

"Mama, mtoto hawezi kulala jikoni kwenye moshi."

"Basi asilale kwangu."

"Nikazae kwa nani?"

Habari zikawafikia wanafunzi wake wa zamani, na Jumatatu asubuhi wote watatu wakasimama uani. "Shikamoo Mwalimu," wakasema kwa pamoja, kama zamani. Wakamwambia wataitengeneza upya ile nyumba.

Siku ya tatu Mulokozi na Kyaruzi walikuwa wameshagombana.

"Dirisha pana hivyo la nini?" Mulokozi aliuliza. "Na hilo pazia zito kama blanketi la jeshi! Weka karatasi nyepesi, chumba kipumue."

"Wewe unataka mzazi akae kwenye chumba kama ghala lililoibiwa," Kyaruzi akamjibu. "Mtu akiogopa anahitaji kukumbatiwa, haachiwi mbao tupu."

Ndyanabo aliweka mwiko chini akamwendea Mwalimu, aliyekuwa amesimama mbali, chini ya ukingo wa migomba. Kuingia alikuwa hajaingia.

"Mwalimu, humo ndani kinakuogopesha nini?"

Ndyanabo akakaa chini akangoja.

"Mlango," Mwalimu akasema mwishowe.

Mulokozi alisikia. Akang'oa mlango wa bawaba, akatengeneza mlango wa kusukuma pembeni, unaoteleza kwenye mfereji wa mbao, mwepesi kiasi kwamba mtoto angeweza kuusogeza kwa kidole. Akauachia nafasi juu na chini, ili ukuta ukiinama mlango usibanwe.

"Na kingine?"

"Giza. Vumbi lile lilikuwa giza. Hata ningeingia nisingemwona."

Kyaruzi alisikia. Akapanua dirisha, akapaka kuta chokaa nyeupe mara tatu. Na kwa kuwa mtoto angelala chini ya dirisha hilo, akafuma pazia la sufu nzito, akalipigilia chini na kulifunga pande zote mbili, juu akaacha upenyo wa mwanga. "Upepo wa ziwani haujui huyu ni mtoto," alisema. Mulokozi aliguna, akaliacha.

"Na kingine, Mwalimu?"

Hapo jua lilihama kutoka mgomba huu hadi ule.

"Kitu chochote kirefu kuliko mimi."

Basi Ndyanabo akaweka sheria: katika chumba hicho hakitaingia kitu kinachopita goti la mtu. Kitanda kikawa cha shubiri moja kutoka sakafuni, cha msonobari mweupe. Rafu zikawa za chini. Vya Mulokozi vikakaa na vya Kyaruzi bila ugomvi, kwa kuwa kila kitu sasa kilipimwa kwa hofu ya mtu mmoja. Kikawa si chumba cha Japani wala cha Uswidi. Majirani walichungulia wakauliza, "Mbona kama hawajamaliza kuhamia?"

Kisha likaja kabati.

Mama mkwe wa Asimwe alilituma kwa gari, zawadi ya mjukuu: kabati la milango mitatu, la vioo, refu hadi darini. Asimwe alilipenda. Akawaonyesha wapagazi pa kuliweka, miguuni pa kitanda.

Ndyanabo akasimama katikati ya mlango. "Halipiti."

"Nyumba ni yako?" Asimwe akamuuliza.

"Si yangu."

"Ukoo ni wako?"

"Si wangu. Lakini halipiti."

Asimwe alilia kwa hasira. Ndyanabo alitembea mwenyewe mpaka kwa huyo mama mkwe kueleza, akatukanwa, akaambiwa fundi lipu hana adabu, akarudi. Kabati likawekwa stoo kwa jirani, nyumba ya pili. Kwa mwezi mzima Asimwe hakumsalimu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Asimwe akalala naye katika chumba kile. Mwalimu alimshika mjukuu uani tu, juani, na kila akimrudisha kwa mama yake alimkabidhi mlangoni. Kizingiti hakukivuka.

Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, mtoto alikuwa amelala ndani peke yake. Asimwe alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Mwalimu alikuwa jikoni akimenya ndizi.

Kwanza ndege walinyamaza. Halafu maji kwenye kikombe yakafanya mikunjo.

Kisu kilimdondoka. Mngurumo ulitoka chini ya miguu yake, kama lori linalopita ndani ya ardhi, na ua wote ukasogea pembeni ukarudi. Vigae vilianza kushuka. Kimoja kikampiga Asimwe kwenye kifundo cha mguu, akaanguka kati ya nguo zilizolowa.

"Mama! Mtoto! Mama!"

Sitawadanganya kwamba Mwalimu alikimbia. Alisimama. Mkojo ulimtoka, na kichwani alimsikia mama yake akiitika kwa mara ya pili. Aliogopa kile kimya kinachofuata. Alikiogopa kuliko ukuta, kuliko kifo chake mwenyewe.

Ndani, mtoto akalia.

Mwalimu hakumbuki alivyovuka ua. Anakumbuka mlango. Ukuta ulikuwa umeinama, fremu imekuwa kama mtu aliyeteguka kiuno, na alipoweka kiganja juu ya ubao alikuwa tayari analia kwa sababu alijua hautafunguka. Ukateleza. Ulikwaruza, ukasita, ukateleza tena, mpaka bega lake likapita. Siku hiyo nyumba nne za jirani zilivunjwa milango kwa shoka.

Ndani vumbi lilijaa, lakini mwanga uliopenya juu ya pazia ulidakwa na kuta nyeupe, akaona. Kioo cha dirisha kilikuwa kimepasuka chote. Pazia lilikuwa limevimba kama gunia la kahawa, limebeba vipande vyote, vingine vimechomoza ncha kwenye sufu. Chini yake, shubiri moja kutoka sakafuni, mtoto alikuwa anapiga teke hewani. Juu ya shuka kulikuwa na makombo ya lipu tu. Na miguuni pa kitanda, pale Asimwe alipotaka kabati lisimame, palikuwa patupu.

Mwalimu alimnyanyua, akampachika kifuani, akatoka kwa upande kama kaa. Alikuwa amefika kwenye migomba ardhi ilipotikisika mara ya pili. Ukuta wa nyuma uliingia chumbani wote, ukalala juu ya kitanda.

Alikaa chini. Hakukubali mtu yeyote amchukue mtoto, mpaka Asimwe alipofika akitambaa na kuwakumbatia wote wawili.

Jioni walikwenda stoo. Kuta zilikuwa zimesimama, lakini kabati lilikuwa limelala kifudifudi na vioo vyake vimetapakaa hadi mlangoni. Asimwe alilitazama, akakaa palepale sakafuni.

Kesho yake alifika baba wa mtoto, Kamugisha, kutoka kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa alikofanya kazi. Ardhi bado ilikuwa inashtuka mara kwa mara, na kila ikishtuka watu walitazamana. Walikuwa wamekaa uani, maana hakuna aliyetaka paa juu ya kichwa chake. Kamugisha alimpakata binti yake, kisha akasema:

"Kwetu anayempa mtoto jina ni babu yake, na baba yangu ameshafariki. Nimeamua heshima hiyo niitoe kwa aliyemwokoa mwanangu. Atampa jina, naye atakuwa mzazi wake maisha yote: siku ya mahari atakaa mbele, na mtoto akikosea atamwonya kabla yangu. Lakini ni mtu mmoja. Mtoto hatapewa majina na baraza."

"Basi ni Mama," Asimwe alisema.

"Mimi ni bibi yake," Mwalimu akajibu. "Bibi hapewi zawadi kwa kumfuata mjukuu. Na mimi nilikuta njia imeshafunguliwa."

Mulokozi akasafisha koo. "Sipendi kujisemea. Lakini miaka sita iliyopita Mwalimu alikuwa na nguvu zaidi, na mlango ulimshinda. Jana angechelewa muda wa kumeza mate, ukuta ungemkuta mtoto kitandani."

"Na mlango ungefunguka ukute nini?" Kyaruzi akauliza. "Maiti yenye kioo shingoni? Wewe uliyetaka nitundike karatasi!"

"Kioo hicho nani alikileta? Dirisha si lako?"

Kyaruzi akakiri: "Ni langu. Na bila dirisha Mwalimu angepapasa gizani. Nilileta hatari, nikaifunika. Wewe ulifungua tu."

Watu wakamgeukia Ndyanabo. Alikuwa anachora mchanga kwa kijiti.

"Mimi sikutengeneza kitu," alisema. "Nilikataa kitu. Vitu vyenu vimesaidia baada ya ardhi kutikisika. Mimi nilipigania chumba hicho wakati ardhi imetulia na kila mtu ananiona mjinga."

"Ulisema maneno tu," Mulokozi akamwambia.

"Ndiyo. Lakini kwa hayo maneno nilitukanwa peke yangu."

Jirani mmoja akasema heshima ni ya Mulokozi. Mwingine akasema ya Kyaruzi. Asimwe alimtazama Ndyanabo, macho yakamjaa machozi.

Kamugisha akasimama, akamweka mtoto mikononi mwa Mwalimu, mama mkwe wake. "Mama, hawa wote umewafundisha wewe. Na wewe ndiye uliyeingia, ukaona kwa macho yako. Mkabidhi mtoto kwa mmoja wao."

Hofu ikamrudia Mwalimu Kokubelwa, ya aina nyingine. Aliwaona tena watatu hao wakiwa na miaka minane, kwenye dawati moja, kila mmoja amenyoosha mkono juu akiomba aitwe yeye. Akimpa mmoja, wawili watakwenda nyumbani wakijua kwamba mwalimu wao amepima maisha ya mjukuu wake akaona mchango wao ni mdogo. Akikataa kuchagua, mtoto atabaki bila jina.

Ardhi ikashtuka kidogo. Akambana mtoto kifuani, akapiga hatua mbele.

Mulokozi alifanya mlango ufunguke. Kyaruzi alizuia vioo, akampa nuru ya kuonea. Ndyanabo alizuia kabati, na bila swali lake hao wawili pengine wangekuwa wanagombana mpaka leo. Ondoa mmoja, mtoto hayupo.

Nimemaliza la kwangu, sasa semeni ninyi. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayetikisa kichwa kule nyuma: kama mtoto huyu angekuwa mikononi mwako, na watatu hawa wamesimama mbele yako, ungemkabidhi nani? Na wale wawili ungewaambia nini?