Wachimba Visima Waliokula Mbegu

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa yote, kwamba katika nchi moja ya mabonde, upande wa Yemeni, ulipita ukame wa miaka, kisha yakaja mafuriko ya ghafla. Mafuriko yale yalishuka na tope la milimani, yakavijaza visima vya vijiji hadi mdomoni. Watu waliokuwa wakilia kwamba hawana mvua wakaanza kulia kwamba hawana maji, na hali mvua imenyesha. Binadamu hakosi la kulilia.

Amiri wa nchi ile, aliyekuwa mtu wa insafu, akatuma wapiga mbiu katika kila mji: mwenye nguvu za mikono na atoke akafukue visima vya ndugu zake fisabilillahi, bila ujira. Wakatoka watu makundi kwa makundi, kila mji na kundi lake, wakatawanyika nchi nzima wakiwa na majembe na makapu.

Kundi la mji wa Maraha liliongozwa na mja mmoja mwema aitwaye Dhakwani, mfumaji wa mablanketi. Mikono yake ilizoea uzi, haikuzoea sururu, na siku za mwanzo viganja vilimtoka malengelenge hata akawa anashika tasbihi kwa ncha za vidole. Lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Kabla hawajatoka mjini aliwakusanya wenzake msikitini, wakala yamini kwamba hawatapokea malipo ya namna yoyote kwa mtu yeyote. Na wallahi hawakupokea.

Ila chakula walikula. Nao wangekataaje? Kwa watu wa mabonde yale, mgeni akikataa kula amemtukana mwenye nyumba, na babu yake pia. Walipofika kijiji cha kwanza, wakachinjiwa. Habari zikatangulia mbele, na kijiji cha pili hakikukubali kushindwa na jirani yake, wakachinjiwa zaidi. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na majembe yao tangu siku ya kwanza, basi nani angewahesabia siku? Wakashiba, wakafukua, wakaombewa dua, wakaenda zao mbele.

Katika kundi alikuwamo mtu mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, jina lake Mukbili, muuza siki, rafiki wa Dhakwani tangu utotoni. Walipokuwa kijiji cha Kuhla, nyumbani kwa Mzee Sawadi, mwenyeji aliwaandalia mikate ya mtama myeusi, ya moto, iliyopakwa samli. Mukbili akala, akajilamba vidole, akasema, "Mzee wangu, mkate kama huu sijauonja hata mjini. Upo mwingine?" Mzee Sawadi akacheka kwa furaha, akapiga kelele kuelekea jikoni, na mwingine ukaja. Na baada ya huo, mwingine.

Kutoka Kuhla wakaelekea kijiji cha Shirji. Huko, kabla hawajaingia, mkuu wa kijiji aliwatokea njiani, akawasalimu kwa adabu zote, kisha akasema, "Allah awalipe kheri, ndugu zetu. Kisima chetu hakina neno. Piteni njia ya juu, wako wanaowahitaji kuliko sisi."

Wakapita. Mukbili alinung'unika njia nzima kwamba hajapata kuona watu wachoyo kama wale. Lakini Dhakwani, alipokuwa akigeuka, aliwaona wanawake kwa mbali wakipanda kutoka bondeni na viriba mgongoni. Mtu mwenye kisima kizima hateki maji dimbwini. Jambo lile likamkera. Akawaambia wenzake watangulie, yeye akashuka bondeni.

Akamkuta bibi mmoja mtu mzima amekaa juu ya jiwe anapumzika, kiriba kando yake, na maji yanayovuja ni ya rangi ya udongo. Alikuwa ni Bi Hababa, mjane. Dhakwani akamsalimu, akambebea kiriba, wakapanda pamoja. Mavazi yake yalikuwa yamechakaa kwa tope, na bibi akamdhani mpita njia.

"Mwanangu, wale wachimbaji wa Maraha umewaona?" akauliza.

"Wamepita, mama. Wameshika njia ya juu."

"Alhamdulillahi!" akasema yule bibi, na pumzi ikamshuka.

Neno lile lilimchoma Dhakwani. Mtu anashukuru Mungu kwa baa lililompita, na baa lenyewe ni yeye. Akajikaza, akasema, "Kwani wana ubaya gani, mama? Nasikia wanachimba bure."

"Bure!" Bi Hababa akasimama njiani. "Nenda Kuhla kwa kaka yangu Sawadi ukaione hiyo bure. Kisima kimefukuliwa, kweli, maji tele. Lakini watu kama thelathini waliketi kwake wakila. Mbuzi walikwisha, unga ukakwisha. Kaka yangu hawezi kumwambia mgeni hakuna. Akaufungua mtungi wa mbegu."

Wasikilizaji wa mjini huenda hawajui mtungi huo ni nini. Watu wale walikuwa wakiweka mbegu za mtama ndani ya mtungi, wakauziba mdomo kwa udongo. Mtungi ule haukufunguliwa kwa njaa wala kwa ugonjwa. Watoto wangeweza kulala bila kula, na mtungi uko pembeni, na hakuna aliyeutazama mara mbili. Ulifunguliwa siku ya kupanda tu.

"Sasa ardhi imelowa kwa mafuriko," bibi akaendelea, "na ardhi iliyolowa haimngoji mtu. Ikikauka kabla hajapanda, mwaka umekwenda. Na huko Kuhla si yeye peke yake. Ndiyo maana sisi tumesema, heri tope letu." Kisha akamtazama vizuri, akayaona malengelenge viganjani mwake. "Nawe, mwanangu, ni nani?"

"Ni mmoja wao, mama."

Bi Hababa akashika kichwa. "Astaghfirullahi! Nimemsema mgeni mbele ya uso wake! Niwie radhi, baba. Basi twende nyumbani, hapakosi kitu cha kula..."

Dhakwani akauweka mkono wake kifuani, akaomba dua na msamaha kwa pamoja, akamfikishia kiriba mlangoni, akaondoka karibu kukimbia.

Alipowafikia wenzake aliwaeleza yote. Mukbili akawaka. "Tuliomba sisi? Wamefungua wenyewe! Na tungekataa, wangesema watu wa Maraha wana kiburi. Mtu ametoka kwake, ameacha duka lake, amevunjika mgongo ndani ya shimo, leo aitwe mwizi?"

"Hakuna aliyekuita mwizi," Dhakwani akasema.

"Mimi niliomba mkate," Mukbili akasema ghafla, na sauti ikamwishia. "Niliomba mwingine. Mara mbili." Akakaa chini njiani pale, mtu mzima yule, akalia machozi.

Wakati huo ulikuwa umefika mwito wa Amiri, kwamba viongozi wa makundi yote wahudhurie swala ya Ijumaa katika mji mkuu, ili watajwe mbele ya watu na kuombewa. Wenzake wakamsihi Dhakwani: tuwapelekee wale watu mbegu kimya kimya, na hili jambo lisitoke nje. Jina la Maraha limeng'ara nchi nzima, tusilipake masizi kwa mikono yetu. Dhakwani akashika njia ya mji mkuu pamoja nao. Njia nzima alikuwa akijipima. Aliipenda sifa ile, tusimfanye malaika. Alikuwa amekwisha kufikiria namna mama yake atakavyofurahi akisikia jina la mwanawe limetajwa juu ya mimbari.

Siku ya Ijumaa ikafika. Baada ya swala Amiri akasimama, akawasifu wanaojitolea, akasema, "Na mbele ya wote ni watu wa Maraha. Ewe Dhakwani, simama uwaambie ndugu zako mmefanya nini, wapate kuiga."

Dhakwani akasimama. Akamhimidi Mwenyezi Mungu, akamswalia Mtume, kisha akasema, "Ewe Amiri, enyi Waislamu. Tumefukua visima, na kila tulipofukua kisima tuliwala wenye kisima. Tuliapa tusipokee ujira, tukapokea kilicho kikubwa kuliko ujira. Kule Kuhla tumekula mbegu. Maji wanayo, na cha kupanda hawana. Tafadhalini, msituige."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hao ndio waliosifiwa!" na watu wa Maraha wakainamisha vichwa hadi ndevu zikagusa vifua.

Amiri akamwuliza kwa upole, "Kwa nini hukunyamaza, ukawalipa kwa siri? Aibu ya mja husitiriwa."

"Lau ingekuwa aibu yangu peke yangu, ningeisitiri, Mola wangu shahidi, na ningefurahi kuisitiri," Dhakwani akajibu. "Lakini makundi yametawanyika nchi nzima, na hivi tunavyosema yameketi mahali, yanakula. Hakuna mwenyeji atakayesema. Asiposema mgeni, nani atasema?"

Inasemwa kwamba Amiri aliamrisha wapiga mbiu watoke saa ile ile kwa farasi: kila kundi libebe chakula chake, na wasioweza kuchimba miongoni mwa watu wa mijini, wazee na akina mama na wagonjwa, hao watoe unga. Akataka pia kutoa mbegu katika ghala lake. Dhakwani akamshukuru, akasema, "Kwa vijiji vingine, ndiyo. Ila vile tulivyovila sisi, turuhusu tutoe majumbani mwetu." Na gunia lililokuwa zito kuliko yote lilitoka kwa Mukbili muuza siki.

Mkidhani kisa kimekwisha hapo, hamuwajui watu wa Kuhla.

Dhakwani alifika asubuhi na wenzake na punda wa kubeba mbegu. Mzee Sawadi akawapokea kwa mikono miwili, hata nongwa moja usoni mwake hakuna. Lakini alipoelezwa lililowaleta, uso ukambadilika. "Mimi sina duka la vyakula," akasema. "Nilikirimu wageni wa Mwenyezi Mungu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Leo mnataka kuninunua? Rudisheni punda wenu. Wewe Dhakwani ingia ndani ule, kisha uende kwa amani."

Kijiji kizima kikamwunga mkono. Na jua lilikuwa likipanda, na udongo wa mashamba umeanza kufanya nyufa pembeni.

Dhakwani akaingia. Mzee akamwekea tende chache na kikombe cha maziwa, na wala haikuwa siri kwamba ndani hamna kingine. Dhakwani akaketi, asinyooshe mkono. Na desturi ya watu wale, ambayo Mzee Sawadi aliijua kuliko yeye, ni kwamba mgeni mwenye haja kubwa hagusi chakula mpaka haja yake ikubaliwe, na mwenyeji naye haketi mpaka mgeni aguse chakula. Basi mmoja amekaa, mmoja amesimama, hawasemezani. Maziwa yakaota utando. Mukbili, aliyekuwa nje amewashika punda, alichungulia mara kwa mara akarudi akitikisa kichwa. Adhuhuri ikaingia, wakaswali pamoja bega kwa bega, wakarudi, huyu akakaa na yule akasimama.

Miguu ya mzee ikaanza kumtetemeka. Akasema, "Mwanangu, niambie kweli. Umekuja kunilipa?"

"La, baba. Ukarimu haulipwi. Nimekuja kuomba."

"Unaomba nini?"

"Ulitukirimu, na Mwenyezi Mungu atakulipa, hilo siligusi. Lakini nyumba hii ina watoto, na chakula cha mwaka wao kimo tumboni mwangu. Naomba usiniache nikasimame mbele ya Mola wangu nimeshiba, na wao wana njaa. Wewe una la kumjibu. Mimi sina."

Machozi yalimshuka Mzee Sawadi, yakaingia ndevuni. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mkewe: "Baba watoto, mgeni amesema haja yake. Tangu lini nyumba hii ikamnyima mgeni haja?"

Ndipo mzee akaketi, akakisogeza kikombe kwa mikono yake miwili. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Haja yako imekubaliwa."

Dhakwani akanywa maziwa yote, yalikuwa yamekwisha kuchacha, na hajapata kunywa kitu kitamu kama kile. Alasiri ile watu wa Kuhla na watu wa Maraha walikuwa pamoja mashambani, udongo ukiwa bado na unyevu wake, na mwaka ule kijiji kilivuna.

Ndugu zangu, kujitolea ni ibada, na Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa watu wake. Lakini wapo tunaowaendea na msaada ambao hawatatuambia kamwe kwamba tumewaumiza, kwa kuwa adabu yao ni kubwa kuliko njaa yao. Basi kabla hatujajisifu kwa kisima tulichochimba, tuulize kwanza wenye kisima walikula nini siku tuliyoondoka.