Jina la Kwenye Kopo la Halua

Sogeeni jamani. Hii ni ya Wete, na mimi mwenyewe imenishinda.

Palikuwa na mjane, Bi Thuwaiba, mpika halua, na watoto wake wawili. Raya alikuwa na kichwa cha jikoni: halua yake ya tende na karafuu ilikaa miezi sita bila kuharibika. Kaka yake Muhene, kupika hajui kabisa, lakini ukarimu wake, lo! Mtaa wa pili alikaa Hilali, mpika halua naye, mwenye mikono ya kukoroga kutwa nzima. Yeye na Bi Thuwaiba walikuwa hawasemezani mwaka wa tisa, kwa kugombania wateja.

Siku moja akaja mgeni kutoka Maskati. Muhene akamkaribisha: kahawa, tende, kitanda. Siku mbili zikapita, Raya akachemka.

"Kaka, muulize basi anataka nini!"

"Siku tatu hazijaisha. Marehemu baba hakumuuliza mgeni shida yake kabla ya siku tatu. Nianze mimi?"

Siku ya nne mgeni akasema mwenyewe. "Kila nilikofika niliulizwa nimekuja kununua nini kabla sijavua viatu. Hapa nimepumzika." Akaonja halua ya Raya, akafumba macho. "Nataka makopo mia tano. Meli inaondoka Alhamisi ijayo."

Bi Thuwaiba akampa mkono. Kwao mkono ukishatolewa, karatasi ya nini tena?

Kumbe sufuria ni moja! Hadi Jumatatu, makopo mia tu. Bi Thuwaiba akalia kwa aibu. Habari zikafika mtaa wa pili, mara Hilali huyo mlangoni, na sufuria zake tatu. Duka lake kalifunga, na sikukuu imekaribia.

"Umetoa mkono, Bi Thuwaiba. Ukiuvunja, nani atauamini wangu, nami mpika halua wa mji huu huu?"

Akakoroga siku tatu, viganja vikachubuka. Halua ikapanda meli.

Sasa mgeni ameleta salamu: ataichukua kila mwaka, ila kopo liwe na jina moja, la mtu atakayepeana naye mkono. Huyo ndiye mwenye biashara.

"Mama, halua ni yangu," anasema Raya.

"Na mgeni alikuwa wa nani?" anauliza Muhene.

Hilali anafunga vitambaa mikononi, vidonda bado havijapona, na Bi Thuwaiba akimtazama roho inamuuma. Akimwandika Raya, Muhene atanuna hadi kuhama. Akimwandika Muhene, Raya hatashika mwiko tena. Akimwandika mmoja wa wanawe, Hilali atarudi mtaani kwake wasisemezane tena, na safari hii kwa haki. Akimwandika Hilali, wanawe watasema amegawa mali ya nyumba yao. Na wote watatu anawapenda.

Mchapaji wa makopo yuko mlangoni, kalamu mkononi.

Haya, wewe hapo, usitazame chini. Ungemwambia aandike jina la nani?