Nani Alimrusha Bi Limi Kitini?

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi ya televisheni za chogo, palikuwa na mjane mmoja wa Kahama aliyeitwa Bi Limi. Bi Limi alikuwa na banda la video. Kuta mabati, paa mabati, mabenchi ya mbao, na kiti kimoja cha mwanzi kando ya deki, cha mwenyewe. Watu waliliita kibanda umiza, na aliyekaa pale filamu mbili mfululizo hakuuliza kwa nini.

Sasa huyu Bi Limi alikuwa haogopi filamu. Majoka ameyatazama, majambazi amewatazama, mizimu ameitazama, na muda wote ana ungo mapajani anachambua mchele. Watazamaji wanapiga yowe, yeye anatoa chuya.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtisha kweli. Binti yake wa Bukoba alikuwa amemwita akalee wajukuu, na hakujua banda amwachie nani. Marehemu mumewe ndiye aliyeligongelea kila msumari. Na ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa banda jipya, lina televisheni bapa, lina feni. Kila akiwaza banda lake litageuzwa ghala la mkaa, Bi Limi alitamani kulia.

Ndipo akaleta filamu ya dinosaria, yule mjusi wa kale aliye mrefu kuliko ghala la pamba. Mji mzima ulikuwa ukiizungumzia. Diski safi, haina hata mkwaruzo. Watu wakajaa. Loo! Filamu yenyewe karibu yote ni gizani, na jua la saa tisa lilikuwa linapenya kwenye matundu ya bati, kwa hiyo ulichokiona kwenye kioo ni sura yako na benchi lako. Watu wa ndani ya filamu walinong'ona kama wanaungama. Mjusi naye aliponguruma, spika ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Watu wakacheka hadi machozi. Kisha wengine wakavuka barabara.

Bi Limi akasimama, akautoa ufunguo wa banda shingoni.

"Sikilizeni. Kufuli ni moja na ufunguo ni huu mmoja. Atakayenifanya niliogope hili jidude, niruke kitini na mchele umwagike, banda ni lake. Nimesema mbele yenu, sirudi nyuma."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Minza, fundi cherehani wa jirani. Minza alipanda juu ya paa na kopo la lami, akaziba kila tundu. Akaunga mablanketi meusi yakawa pazia moja kubwa, akalitundika mlangoni na ukutani. Akakaa mbele ya televisheni akizungusha kitufe cha mwangaza, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi giza la filamu likawa giza lenye vitu ndani yake. Filamu ikawekwa tena. Mara hii mjusi akaonekana, na magamba yake, na jicho lake la manjano. Akafungua kinywa, akalia kama mbuzi.

Mjusi alionekana. Bi Limi akachambua mchele.

"Mayu, mama yetu, kesho niachie mimi," akasema Sitta, fundi mitambo wa kwaya.

Sitta aliiomba kwaya spika yao kubwa ya besi, akailaza kifudifudi juu ya pipa tupu la chuma, na pipa akalifukia nusu katikati ya mabenchi. Filamu ikawekwa tena. Mjusi alipokanyaga, mabenchi yakakanyaga naye. Aliponguruma, vumbi likaanguka kutoka kwenye paa, na mama mmoja akamkumbatia mtu asiyemjua. Lakini wakati huohuo Ngasa alikuwa kazini.

Ngasa ndiye aliyekuwa mtafsiri wa banda. Siku hizo filamu zilikuja na lugha za watu, kwa hiyo kila banda lilikuwa na mtu wake na maiki yake wa kuwaeleza watazamaji. Ngasa alipendwa, tena mno. Wapo waliokuja kumsikiliza yeye, filamu ikawa kitoweo tu. Dinosaria alimwita Mheshimiwa.

"Jamani, Mheshimiwa huyoo! Anakuja kukagua daraja! Na huyu binti aliyejificha chini ya daraja hajalipa kodi! Mheshimiwa anainama, anauliza risiti iko wapi!"

Banda zima likaangua kicheko. Nani ataogopa mheshimiwa anayeuliza risiti?

Mjusi alisikika. Bi Limi akachambua mchele.

Siku iliyofuata banda lilifurika, wengine wamekaa chini. Filamu ikaenda, Ngasa akatafsiri, watu wakacheka. Ikafika pale binti anapojificha chini ya daraja. Watu wakageuka kumtazama Ngasa, wanasubiri Mheshimiwa atasema nini leo. Ngasa akaizima maiki, akailaza sakafuni.

Kimya.

Ndani ya kimya kile kukasikika kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwenye banda lile. Tone la maji. Halafu pumzi. Pumzi nzito, ndefu, inatoka ardhini na kupanda kwenye miguu ya mabenchi. Gizani jicho la manjano likafumbuka, polepole. Binti akaziba mdomo wake. Bi Limi naye, bila kujua, akaziba wake.

Mjusi akanguruma.

Wallahi, Bi Limi aliruka! Kiti kule, ungo kule, mchele umetapakaa banda zima, na mwenyewe amemng'ang'ania mteja shingoni huku anaita jina la marehemu mumewe. Watu walishangilia hadi kuta za bati zikalia.

Alipopata pumzi akacheka, akapangusa macho, akaushika ufunguo. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Banda ni langu," alisema Minza. "Mama umeliogopa lile jicho. Bila lami yangu ungeona jicho gani? Ungejiona wewe mwenyewe."

"Jicho ulishaliona juzi ukaendelea na mchele wako," alisema Sitta. "Kilichokurusha kimetoka kwenye pipa langu. Kiti kimeruka kabla yako."

Ngasa akasimama. "Hivyo vyote vilikuwepo jana. Uliruka?"

"Wewe umefanya nini zaidi ya kunyamaza?" Minza akamjia juu. "Kama kunyamaza ni kazi, basi hata benchi limefanya kazi!"

"Benchi halina la kusema, dada. Mimi watu wamekuja kunisikia mimi. Nimekitoa kile ninachopendewa, ili mjusi wenu asikike. Nyinyi mmeongeza vyenu. Mimi nimepunguza changu."

Banda likagawanyika makundi matatu. Hawa wanaimba Minza, hawa Sitta, hawa Ngasa. Na mlangoni, pazia limefunuliwa, alisimama mwenye banda la ng'ambo akitabasamu.

"Mama, chagua tu kwa raha zako," alisema. "Watakaokosa, mimi nawapokea leo hii."

Bi Limi akaelewa vizuri sana. Akimpa Minza, sauti na kimya vitavuka barabara. Akimpa Sitta, mjusi atarudi kutoonekana. Akimpa Ngasa, banda litabaki na mtu wa kunyamaza mbele ya mjusi anayelia kama mbuzi. Ahadi aliitoa mbele ya watu, na alisema mtu mmoja. Basi la Bukoba linaondoka kesho alfajiri. Mkono ameunyosha, ufunguo uko kiganjani, na wote watatu anawapenda.

Haya, nyinyi mnaojifanya mahakimu, msiniangalie mimi. Mchele umeshamwagika. Je, ni nani aliyestahili ufunguo ule?