Jina Moja Juu ya Mlango

Nipeni masikio yenu sasa. Mwishoni nitawaomba na vichwa.

Katika jiji la Kisengere waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Dafroza Kilewo alijaliwa ulimi: akisimama kusema, hata waliokuja kumzomea waliketi. Injinia Makame Ngwali alijaliwa mikono. Ukuta wake ulisimama kama ulioota wenyewe. Na Bi Tatu Mwinyigogo, mkunga, alijaliwa moyo usioyumba. Wanawake wa mtaa wa Relini walikuwa wakisema, "Bi Tatu akikwambia sukuma, hata jiwe litasukuma."

Aliyewajua wote watatu ni Mwalimu Sikudhani, mkuu wa shule ya msingi ya Relini. Shule hiyo ilijengwa enzi za mababu na ilikuwa imechoka. Mvua ikinyesha, darasa la nne lilihamia kwa darasa la tano, wakabanana kama dagaa. Asubuhi moja, watoto wakiwa uwanjani kwa mapumziko, ukuta wa darasa la pili uliporomokea madawati matupu. Mwalimu Sikudhani alisimama kwenye vumbi akiwaita wanafunzi wake kwa majina. Alipoona wote wameitika, akaketi chini palepale.

Habari zikamfikia Dafroza, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la Jimbo kutoka upande wa pili wa jiji. Akapeleka muswada: jimbo ligharamie kujenga upya shule za jiji, na kila mtaa uchague kamati ya kusimamia kazi, yenye mamlaka ya kuisimamisha. Wajumbe wa mashambani wakaukataa.

"Jiji linakula kila kitu," walisema. "Sisi tule vumbi?"

Dafroza akawasikiliza hadi mwisho, kisha akainuka. "Barabara niliyoahidiwa kwangu mwaka huu, ichukueni. Ipitisheni kwenu. Mimi nipeni kura."

Muswada ukapita, ukawa sheria. Lakini wapiga kura wake walikuwa wameisubiri barabara ile kwa hamu. Uchaguzi ulipofika wakamwangusha.

Relini wakamchagua Bi Tatu kuongoza kamati yao. Nguzo za ghorofa mpya ziliposimama, akataka zege lipimwe kama sheria ilivyoagiza. Na mwenye zabuni ya kuleta zege alikuwa Shomari, kaka yake wa tumbo moja.

"Tatu, leo unanipima mimi?"

"Sikupimi wewe, kaka. Napima nguzo. Zitabeba watoto wa watu."

Kipimo kikaonyesha nguzo moja ni dhaifu. Bi Tatu akasimamisha kazi, Shomari akapoteza zabuni. Tangu hapo hakukanyaga tena kwa dada yake. Hata kwenye arusi ya mpwa wake hakuja.

Sheria ilimtaka Makame, aliyekuwa injinia wa ujenzi huo, abomoe nguzo ile moja tu. Yeye akazizunguka zote, akavua kofia yake ya kazi.

"Zimetoka mchanganyiko mmoja," akamwambia Mwalimu Sikudhani. "Sitaweza kulala nikiiamini hata moja."

Akazibomoa zote. Kampuni iliyomwajiri ikamkasirikia, kwa kuwa hasara ilikuwa yao. Bandarini kulikuwa na kazi kubwa ikimngoja, ile ya kumpa injinia sifa maisha yake yote. Ikaenda kwa mwingine. Makame akabaki Relini, akijenga upande huu huku watoto wakisoma upande ule, na kengele ya shule haikukosa kulia.

Basi shule ikakamilika. Ghorofa mbili, madirisha mapana, vyoo vyenye maji, njia ya mteremko kwa watoto wa viti vya magurudumu. Siku ya ufunguzi mtaa mzima ulivaa nguo za sikukuu. Mwalimu Sikudhani alipita darasa hadi darasa akigusa kuta kwa kiganja, kifua kimemjaa. Nje mvua ikaanza kunyesha, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha hapo, hakuna mtoto aliyehama dawati.

Lakini ile sheria ilikuwa na kifungu kimoja zaidi: shule iliyojengwa upya ipewe jina la mtu mmoja aliyeiwezesha kusimama, na mkuu wa shule ndiye amtaje.

Wazazi wakaanza kubishana ukumbini.

"Bila sheria ya Dafroza, hapa pangekuwa gofu!"

"Sheria gani bila Bi Tatu? Ghorofa hii ingekuwa kaburi."

"Na bila Makame? Nguzo moja nzima katikati ya mbovu ingefaa nini?"

Mwalimu Sikudhani akawatazama wale watatu wenyewe, waliokaa mstari wa mbele. Makame alicheka. "Mlangoni huandikwa jina la injinia tangu lini?" Dafroza, yeye mwenye ulimi wake, alitengeneza tu kitambaa chake cha kichwa, akasubiri. Bi Tatu alimvuta mwalimu mkono, akamnong'oneza, "Shomari hupita njia hii kila siku, mwalimu. Jina langu litamchoma." Kisha akauachia mkono. "Lakini nisikudanganye. Ningefurahi."

Fundi rangi yuko juu ya ngazi mlangoni, brashi imeshalowa. Mwalimu Sikudhani amekamata kipaza sauti kwa mikono miwili, anajivunia wote watatu, na nafasi ni ya mmoja.

Mmoja alitoa kiti chake, mmoja alitoa ndugu yake, mmoja alitoa sifa yake. Haya, wasikilizaji, saa ya vichwa nilivyoviomba imefika: ungekuwa wewe ndiye Mwalimu Sikudhani, ungetaja jina la nani?