Chokaa Iliyokuwa Ikipokea

Nisikilizeni kidogo, wapendwa, kabla hatujafungua Neno.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu ambaye mkewe alipooza miguu. Mama huyo alishinda kitandani kutwa nzima, hana la kutazama. Mumewe akaona huruma. Akanunua tangi la kioo, akalijaza maji, akapanda mimea ya majini, akatia samaki kumi na wawili, akaliweka mbele ya kitanda. Mama akawapa wote majina. Waliokwenda kumjulia hali walisema ameanza tena kucheka.

Lakini maji ya mji ule ni ya kisima, maji magumu. Sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Baada ya miezi mitatu ukoko huo ukaonekana kwenye mimea, na majani yakaanza kuwa ya manjano. Mwalimu akapima maji kwa karatasi zile zinazobadilika rangi. pH, kile kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi majini, ilikuwa nane. Kitabu chake kilitaka saba. Na huyu ni mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini. Kosa likiwa mbele yake hatulii.

Akanunua asidi ya kushushia pH, akamimina vifuniko viwili. Karatasi ikasoma saba. Kesho yake akapima: nane. Akamimina tena. Keshokutwa: nane. Wiki nzima ikapita hivyo.

Siku ya nane mkewe akamwambia, "Baba Atupele, samaki wanahema juujuu. Waache kidogo."

"Mbona chakula wanakula?"

"Mimi ndiye ninayeshinda nao, mume wangu."

"Dawa ni ileile, kipimo ni kilekile. Jana haikuwadhuru, leo itawadhuruje?"

Akamimina, akavaa kofia, akaenda msibani kwa jirani.

Aliporudi alasiri, samaki wote kumi na wawili walikuwa wakielea ubavu. Mkewe alikuwa amejiburuta hadi ukingoni mwa kitanda, mkono ameunyoosha kuelekea tangi, haufiki. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu akachovya karatasi. Nne.

Akampigia simu bwana aliyemuuzia samaki. "Nilimimina kiasi kilekile cha jana!"

"Mwalimu," yule bwana akasema, "maji yenu yana chokaa nyingi. Kila ulipotia asidi, chokaa iliipokea, nayo ikawa inapungua. Karatasi yako haipimi chokaa. Jana kulikuwa na cha kupokea. Leo hakikuwepo."

"Ningefanya nini?"

"Ungepunguza ugumu kwanza. Ungechanganya maji ya mvua, kidogo kidogo, wiki kwa wiki."

Mama yule hakumlaumu. Aliomba tu tangi litolewe chumbani, na baada ya hapo hakumwomba tena kitu.

Wapendwa, mnamhukumu mwalimu? Alimpenda mkewe. Na kitabu alikisoma sawasawa.

Sasa tujiulize sisi. Nyumbani kwako nani anapokea? Ni mke, ambaye kila jioni unamkosoa chakula mbele ya wageni naye anatabasamu? Ni mtoto, unayemwambia kila akileta ripoti ya shule kwamba hafai? Ni mama mkwe, ni mfanyakazi wa ndani? Tunasema, "Mbona jana nilimwambia hivyohivyo, akanyamaza?" Tunadhani kunyamaza kwake ni uzima. Hatujui ndani kumebaki kiasi gani. Hatujawahi hata kuuliza. Halafu siku moja, kwa neno lilelile la kila siku, mtu anajifungia chumbani na hatoki hai, nasi tunasimama kaburini tukisema, "Lakini sikumwambia kitu kipya!"

Wako humu ndani waliokwisha kusimama kwenye kaburi kama hilo. Ninawaona, wameinamisha vichwa, na mimi sina la kuwapa leo isipokuwa kulia nao. Ninasema na ninyi wengine, ambao mtu wenu bado yuko nyumbani sasa hivi, anapika, amenyamaza. Ukifika, kabla hujavua viatu, mwombe msamaha.